Mama amesahau jina langu, lakini hajasahau kupeta

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mume wangu, wanangu na binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Tangu mwezi wa nane mwaka jana ninamtunza mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 76. Tulimtoa kijijini, wilayani Kongwa, baada ya majirani kutupigia simu mara mbili kwamba ameonekana akitembea barabarani usiku, na mara ya tatu kwamba jiko lilikaribia kuungua kwa sababu aliacha kuni zinawaka akaenda kulala. Baba alikwisha kufariki miaka 6 iliyopita. Daktari aliyempima alituambia kuwa mama ana demensia, ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu polepole, akatuandikia tarehe ya kurudi, lakini hatukuondoka na maelezo yoyote ya namna ya kuishi naye nyumbani.

Tulipomleta mjini, mimi na kaka zangu wawili tulikubaliana jambo ambalo tuliliona ndiyo heshima yenyewe: mama apumzike. Amelima uwele na karanga tangu akiwa msichana, ameteka maji mbali, ametwanga, amezaa na kulea. Basi sasa akae kwenye kiti, aletewe chai, aletewe chakula, afuliwe nguo, asiguse kazi yoyote. Mimi mwenyewe niliona aibu mgeni aje amkute mama mkwe wa mume wangu ameshika ufagio, kwa hiyo kila alipoushika niliuchukua mkononi mwake kwa upole na kumrudisha kwenye kiti.

Miezi miwili ya kwanza alitulia. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kila inapokaribia saa 11 jioni huinuka, hukusanya kanga zake na kuzifunga ndani ya shuka, husimama getini akisema anataka kwenda kwake kwa sababu mbuzi hawajarudi na hakuna mtu wa kuwafungia. Nikimwambia kwamba mbuzi walikwisha kuuzwa, hukasirika. Nikimwambia kwamba baba alikwisha kufariki, hulia kama mtu anayepokea taarifa ya msiba kwa mara ya kwanza, na kesho yake tunarudia yale yale. Jina langu limempotea, huniita kwa jina la dada yake. Humtuhumu binti wa kazi kwamba amemwibia vitenge, wakati yeye mwenyewe amevificha chini ya godoro, na binti huyo ameshaniambia mara mbili kwamba anataka kurudi kwao.

Wiki tatu zilizopita kulitokea jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Binti alikuwa ameacha maharage kwenye ungo barazani akaenda dukani. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama ameuvuta ungo ule, anapeta, anatoa mawe na punje mbovu kwa wepesi ambao mimi sina. Alipomaliza kuchambua, alianza kugonga ukingo wa ungo kwa vidole, mdundo wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, aliokuwa akiupiga na wenzake kijijini, akawa anaimba kwa Kigogo, maneno yote yakiwa mahali pake. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Jioni ile hakwenda getini.

Basi nikaanza kumpa ungo kila siku. Kaka yangu mkubwa alipokuja Jumapili na kumkuta na maharage mapajani, alikasirika sana, akaniambia mbele ya mume wangu kwamba mama hakuletwa mjini kuwa mtumishi wangu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Naomba unieleze: je, ninamkosea mama? Na kama sikosei, ni kazi zipi ninazoweza kumpa, kwa namna gani, na zile jioni za getini nizifanyeje?

Binti wa Kongwa, Nkuhungu

* * *

Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu kwa lugha yake: mbukwenyi.

Humkosei mama. Naanza na neno hilo kwa sababu naona umelibeba lawama kwa wiki tatu, na kwa sababu nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi na baadaye nikamtunza mama mkwe wangu mwenye ugonjwa huu huu kwa miaka 5 ndani ya nyumba yangu, na kosa mnalolisimulia, la kumvika mzee heshima ya kiti, nililifanya mimi kabla yenu. Kaka yako amesukumwa na upendo. Hata hivyo, mtu aliyeishi miaka 70 akijitambua kwa kazi za mikono yake, ukamnyang'anya kazi zote kwa siku moja na wakati huo huo ukamhamisha kwenye nyumba asiyoijua, umemwondolea karibu kila kitu ambacho kingemwambia yeye ni nani na sasa ni saa ngapi.

Nikueleze kinachotokea kichwani mwa mama, ili uweze kumweleza kaka yako. Kumbukumbu si kitu kimoja. Kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, kama vile nani alikuja asubuhi, baba amefariki lini, mbuzi wameuzwa au la, hutegemea sana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha demensia kwa wagonjwa wengi, yaani kati ya asilimia 60 na 70, sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazoharibika mapema. Kumbukumbu ya namna ya kutenda, kama vile kupeta, kusuka mkeka, kumenya karanga, kupiga ngoma, huhifadhiwa mahali pengine, nayo huchelewa kuharibika. Ndiyo maana mama anaweza kulisahau jina la mtoto aliyemzaa na bado akatenganisha punje na mawe bila kufikiri. Hajifanyi, wala hakuchukii. Na wala hajarogwa, kama majirani wa kijijini watakavyotaka kuwaambia. Ugonjwa huu wa demensia uko dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nao, na hapa kwetu, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, waliukuta kwa wazee takriban 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Sasa tofauti ambayo kaka yako anaiogopa ipo kweli, na ni vizuri uijue vyema. Kumtumikisha mzee ni kumpa kazi kwa sababu wewe unaihitaji imalizike. Kumshirikisha ni kumpa kazi kwa sababu yeye anaihitaji mikononi. Utaitambua kwa mambo machache: kama anaweza kuiacha katikati bila mtu kumsemesha, kama hakuna chungu jikoni kinachosubiri maharage yake, na kama yupo mtu aliyeketi karibu naye anayefanya kazi hiyo hiyo. Maharage yako ya chakula cha mchana yachambuliwe na wewe au binti. Ya mama yawe ya kesho au ya keshokutwa. Akiyachanganya tena yaliyokwisha kuchambuliwa, mwache. Ukilazimika kuirudia kazi yake, irudie akiwa amelala, kamwe usiipangue mbele ya macho yake, kwa maana anaweza kusahau tukio lakini fedheha aliyoisikia hubaki naye mpaka jioni.

Namna ya kumpa kazi ni muhimu kuliko kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Usimuulize, "Mama, unakumbuka kupeta?" Swali la kukumbuka ni mtihani, na mtihani humtia hofu. Usimpe pia maelezo ya mlolongo, kwamba achambue, kisha aoshe, kisha aweke kwenye sufuria. Likifika neno la tatu, la kwanza limeshapotea. Keti naye mkitazamana au ubavu kwa ubavu, weka ungo mapajani mwake, anza wewe mwenyewe kupeta wako taratibu, umwambie tu, "Mama, nisaidie." Mikono ikiona mikono, huiga. Akikwama, weka mkono wako chini ya wake uuongoze kidogo, halafu uuachie. Mpe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vingine viondoe machoni. Ukitaka achague, mwekee vitu viwili mbele yake, karanga na maharage, aguse anachotaka. Akisema leo hataki, basi hataki. Jaribu tena baada ya nusu saa, na usimbembeleze kama mtoto, kwa sababu yeye bado ni mama yako na analijua hilo hata anapokuita kwa jina la dada yake.

Kuhusu kazi zenyewe, tafuta zile za Kongwa na si za Nkuhungu. Jiko la gesi hatalizoea, lakini ufagio wa chelewa anaujua tangu akiwa mtoto, kwa hiyo ule ufagio uliokuwa ukimnyang'anya mrudishie, afagie uwanja asubuhi kabla jua halijawa kali. Hiyo humpa mwanga wa asubuhi, ambao husaidia mwili kutofautisha mchana na usiku, na humpa mazoezi bila mtu kuyaita mazoezi. Kubangua karanga, kuchambua majani ya mlenda, kupeta uwele, kukunja kanga zilizokauka, kumwagilia miche kwa kopo, kuwatupia kuku pumba, zote hizo zinafaa. Wakati wa mavuno, kuanzia mwezi wa tano na wa sita, mwombe ndugu aliyebaki kijijini awaletee masuke machache ya uwele au mtama. Harufu ya nafaka mpya itamweleza majira kuliko kalenda yako ya ukutani. Mama mkwe wangu alikuwa hajui tena mwaka, lakini alipoona mawingu ya mwezi wa kumi na mbili aliomba jembe, nasi tulimpa kipande cha ardhi chenye upana wa mkeka, akakipalilia mpaka mvua zilipokwisha.

Panga kazi hizo zifuate saa zile zile kila siku. Mtu ambaye kumbukumbu imemtupa huishi kwa kuegemea mpangilio: kuamka, kunawa uso, chai, kufagia, kupumzika, ungo, chakula, usingizi mfupi, kuoga, kanga za kukunja, sala, kulala. Usibadilishe mahali pa vitu. Ungo utundikwe msumari ule ule, kikombe chake kiwe kile kile, kiti kiwe upande ule ule wa baraza. Usimwogeshe asubuhi kwa sababu tu ndiyo saa inayokufaa wewe. Mwanamke aliyetoka shamba na vumbi la Kongwa alioga jioni kwa maji ya moto, na ukiirudia saa hiyo huenda ugomvi wa bafuni, ambao hukuutaja lakini nauhisi upo, ukapungua.

Tukija kwenye saa 11 jioni, hali hiyo ya kuhangaika jua linapoelekea kuzama inafahamika sana kwa watu wenye demensia. Uchovu wa kutwa, vivuli vinavyorefuka na kukaa bila shughuli huichochea. Lakini msikilize vizuri mama anachosema. Saa 11 jioni kwa mwanamke wa Kongwa ndiyo saa ya kazi kubwa kuliko zote: mifugo inarudi, kuni na maji viwe ndani, ugali upikwe kabla giza halijaingia. Mwili wake unamwambia kwamba kuna jambo halijafanyika, na kweli halijafanyika, kwa sababu mmemketisha. Kwa hiyo usisubiri asimame getini. Ikifika saa 10 na nusu, mpe kazi ya jioni: mwanue nguo pamoja, wafungeni kuku, na kama huna kuku basi nakushauri kwa dhati ununue watatu. Washa taa mapema kabla giza halijaanza, punguza kelele za redio na televisheni, na chai ya rangi iliyokolea iishie mchana.

Akifika getini licha ya hayo, usimwambie kwamba mbuzi wameuzwa. Habari hiyo haiwezi kukaa kichwani mwake, inamuumiza tu kila siku upya. Mwambie, "Una wasiwasi na mbuzi, mama. Walikuwa wangapi?" Atakueleza, na wakati anaeleza mtakuwa mmeshaanza kutembea kuelekea kwenye banda la kuku. Vivyo hivyo kuhusu baba. Umemtangazia msiba mara ngapi? Najua hukukusudia, na ulifundishwa kwamba uongo ni dhambi. Sikuambii udanganye. Akiuliza baba yuko wapi, muulize alikuwa mtu wa namna gani, alimwoaje, alipenda chakula gani. Hayo yote ni kweli, nayo humtosheleza kuliko taarifa ya kaburi. Akisisitiza kwa utulivu kutaka kujua ukweli, mwambie kwa upole, mshike mkono, na ukae naye.

Geti lenyewe lifungwe vizuri, lakini kufuli peke yake halitoshi. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, majirani na vijana wa bodaboda walioko kwenye kijiwe cha karibu kwamba mkimwona mama huyu peke yake mpigieni mwanawe, na ushone kitambaa chenye namba yako ya simu ndani ya upindo wa gauni lake. Moto asiachwe nao peke yake, hata kidogo. Anaweza kusimama nawe jikoni akakoroga uji uliokwisha kuepuliwa, lakini sufuria inayochemka, kisu kikali, mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu viwe mbali naye. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani anakolala, hata baridi ya mwezi wa saba ikiwa kali, kwa sababu hewa yake huua watu wazima na timamu.

Huyo binti wa kazi amebeba mzigo ambao hakuna aliyemweleza. Kaa naye umfafanulie ugonjwa kama nilivyokufafanulia wewe, umwambie kwamba tuhuma za vitenge zinatoka kwenye ubongo uliosahau ulipoviweka vitu, na mbele yake umwambie mama, "Tuvitafute pamoja," bila kumtetea wala kumlaumu yeyote. Mwongezee mshahara kama uwezo upo, na mpe saa zake za kupumzika. Kaka zako nao wasije Jumapili kama wageni. Kila mmoja achukue siku yake, au achangie fedha za mtu wa kukupokea, maana wewe una kazi, una watoto, na usiku hulali.

Kuna mambo mawili ya hospitali. Kwanza, kama hakupimwa kikamilifu, arudi apimwe shinikizo la damu, sukari, upungufu wa damu, tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, pamoja na masikio na macho. Mengine kati ya hayo hutibika, na mzee asiyesikia vizuri huonekana amepotea zaidi kuliko alivyo. Msikilize pia kama huzuni ya kufiwa na kuhamishwa haijawa sonona. Mkipewa rufaa ya Mirembe, nendeni bila kusita. Najua hapa Dodoma watu hulitumia jina la hospitali hiyo kutukana, na najua kaka yako ataona aibu, lakini huko ndiko waliko madaktari wa afya ya akili, na ugonjwa wa mama unawahusu. Pili, mabadiliko ya ghafla, yaani mama akichanganyikiwa sana ndani ya siku moja au mbili, akasinzia kupita kiasi au akaona vitu visivyokuwepo, si demensia kuongezeka. Mara nyingi huwa ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa, na anatakiwa kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usinunue dawa za usingizi duka la dawa ili atulie jioni. Kwa mzee huongeza kuanguka na kuchanganyikiwa.

Sitakuficha kwamba kazi zitaendelea kupungua. Atakayepeta leo, huenda mwakani atachambua tu, na baadaye atakunja kanga moja na kuikunjua siku nzima. Usihuzunike kwa kulinganisha. Kazi ipunguze pamoja naye, hatua kwa hatua, kabla haijamshinda na kumfedhehesha. Muheme huenda ukadumu kuliko yote, kwa hiyo watafute wanawake wa Kigogo kanisani kwenu au mtaani waje mara moja kwa wiki kuimba naye, nawe uwarekodi kwenye simu kwa ajili ya zile jioni ngumu.

Kaka yako atakapokuja Jumapili ijayo, usimhubirie haya yote. Weka nyungo tatu barazani, moja ya mama, moja yako na moja yake, mketi naye kuanzia saa 10 mpaka giza liingie, ili aione saa 11 kwa macho yake. Na kuanzia kesho anza daftari: andika aliamka saa ngapi, alifanya kazi gani na kwa muda gani, alikula nini, alihangaika saa ngapi na nini kilimtuliza. Daftari hilo ulibebe kliniki kwenye tarehe mliyopewa, kwa sababu daktari atamwona mama kwa dakika chache tu, na mengine yote atayajua kutoka kwako.